Taarifa za Mazao Zisilale Makabatini

Masika yanapokaribia, swali linaloulizwa katika barza zetu, kutoka Nungwi hadi Makunduchi na kutoka Konde hadi Mkoani, huwa ni moja: mvua ya mwaka huu itakuwaje? Jibu lipo. Kabla ya tone la kwanza kuanguka, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huwa imekwisha kutangaza mwelekeo wa msimu, ikaeleza wapi itarajiwe mvua ya juu ya wastani, wapi ya wastani na wapi ya chini ya wastani. Msimu ukishaanza, setilaiti kadhaa hupita juu ya vichwa vyetu na kupiga picha za kila bonde na kila uwanda, bila ya kutuomba ruhusa wala kututoza ada. Kwa hiyo si kweli kwamba visiwa hivi havina habari za mvua na mazao yao. Habari hushuka kutoka mamia ya kilomita angani hadi kwenye meza za maofisa, kisha zikashindwa kutoka mezani hadi kufika Cheju.

Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo, na tunalizungumza na pande mbili: wananchi wanaolima, na watendaji wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya chakula chetu.

Kwanza yafaa ieleweke setilaiti inaona nini, maana wapo wanaoidhania kuwa ni mganga na wapo wanaoidhania kuwa ni mchezo wa matajiri. Haina uganga wowote. Jani lililo hai na lenye maji ya kutosha hunywa mwanga mwekundu wa jua ili kujitengenezea chakula, na hurudisha juu kwa wingi mwanga mwingine, ule wa infraredi ambao jicho la mwanaadamu haliuoni. Jani linalonyauka hufanya kinyume: hulegea katika kuunywa ule mwekundu, na hupunguza kuurudisha ule wa pili. Chombo kilichoko angani hupima mianga hiyo miwili, huchukua tofauti yake na kuigawa kwa jumla yake, na namba inayopatikana ndiyo kipimo cha ukijani wa mahali pale. Namba hiyo ikilinganishwa na namba za wakati kama huo kwa miaka ishirini au thelathini iliyopita, mtu huweza kusema kama mimea inakwenda kwa desturi yake au imerudi nyuma. Mvua nayo hukadiriwa kwa ujoto wa vilele vya mawingu: wingu ambalo kilele chake ni cha baridi kali ndilo lililopanda juu sana, na hilo ndilo aghalabu linyeshalo. Makadirio hayo huchanganywa na vipimo vya vituo vya ardhini. Hazina moja mashuhuri ya namna hii, iitwayo CHIRPS, iliyotengenezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Barbara, ina kumbukumbu za mvua tangu mwaka 1981.

Kazi hii imeanza zamani. Landsat ya kwanza ilirushwa na Marekani mwaka 1972. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, dunia ilipokumbwa na upungufu wa nafaka, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mfumo wake wa kutoa tahadhari mapema. Mwaka 1985, njaa ya Ethiopia ikiwa bado inaua, Marekani ilianzisha mtandao wake wa tahadhari ya njaa, ambao leo unaitwa FEWS NET. Tangu mwaka 2015 setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2 zinapiga picha ambazo kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, na mtu yeyote aliyeko Vuga au Wete, mwenye kompyuta na mtandao, anaweza kuzichukua bure.

Hata hesabu yake ya siku si ngeni kwetu. Taarifa za hali ya hewa kwa kilimo hutolewa, hapa kwetu na kwingineko duniani, kwa vipindi vya siku kumi kumi. Wazee wa mwambao huu waliuhesabu mwaka hivyo hivyo. Kuanzia Nairuzi, yaani siku ya Mwaka ambayo watu wa Makunduchi wanaiadhimisha hadi leo, walihesabu miongo, kila mwongo siku kumi, na kwa miongo hiyo walijua lini konde lisafishwe, lini mbegu itiwe ardhini na lini jahazi lisithubutu kutoka bandarini. Mtaalamu anayeandika ripoti ya siku kumi huenda hajui kuwa anafuata mwongo. Lakini ipo tofauti moja kubwa, na tunaitaja bila ya kumung'unya maneno: mwongo wa wazee ulijulikana na kila mkulima, ilhali ripoti ya siku kumi hujulikana na wanaoletewa nakala.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mtaalamu wa mbali halioni upesi. Visiwa vyetu ni vidogo, na vipimo vingi vya angani vilitengenezwa kwa ajili ya nchi pana. Serikali ya Mapinduzi ilipogawa ardhi baada ya mwaka 1964, mwananchi alipewa eka tatu. Nukta moja ya picha ya mita 250, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizotegemewa na wachunguzi wa mazao, hubeba eka zaidi ya kumi na tano, yaani mashamba matano ya namna hiyo kwa pamoja. Nukta ya kilomita moja hubeba mashamba themanini na zaidi. Na kisanduku cha mvua cha kilomita tano hivi kila upande hukusanya mabonde, vijiji, mikoko na kipande cha bahari, kisha vyote vikapewa namba moja. Katika nyanda za mahindi za bara, ambako shamba linakwenda mpaka macho yakachoka, namba hiyo inatosha. Kwetu ndani ya eka tatu mna minazi juu, migomba chini yake, muhogo pembeni, na mwembe mmoja ambao hakuna mwenye ujasiri wa kuukata kwa kuwa aliupanda babu.

Kuna jambo zito zaidi ya hilo, na linahusu Pemba. Mkarafuu haupukutishi majani yake. Ukame unaweza kuingia, mpunga wa juu ukaungua, muhogo ukagoma kuweka mizizi, na kisiwa kikaendelea kuonekana kijani kutoka angani, kwa sababu chombo kinaona kilele cha mkarafuu, mnazi na mfenesi, wala hakioni kilichokufa chini ya kivuli. Anayesoma ramani akiwa mbali ataandika kwamba hali ni ya kawaida. Tunasema wazi kwamba mkarafuu husitiri njaa. Magugu nayo ni ya kijani. Bonde ambalo halikupaliliwa kwa kukosa nguvu za watu linaweza kupewa alama nzuri kuliko bonde lililopaliliwa vizuri na mpunga wake bado mchanga.

Halafu yapo mawingu. Masika ndiyo wakati ambao mpunga unahitaji kuangaliwa, na masika ndiyo wakati ambao mbingu imejifunika. Setilaiti inayotegemea mwanga wa jua hupita mara baada ya mara na kurudi na picha za mawingu meupe. Dawa yake ipo: setilaiti za rada, kama zile za Sentinel-1, ambazo hutuma mawimbi yake wenyewe yakapenya wingu na kurudi, mchana na usiku. Bonde lililojaa maji huonekana jeusi katika rada, kwa kuwa maji yaliyotulia huyatupa mawimbi pembeni. Na mpunga ukishaota na kunyanyuka, weusi ule hupungua kidogo kidogo. Kwa njia hiyo yaweza kujulikana ni eka ngapi za bonde zimepata maji na ni lini. Vijana wetu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar wana elimu ya kuisoma picha ya namna hii. Mwaka 2016 walishirikiana na Kamisheni ya Ardhi katika kazi ya kuvipiga picha visiwa hivi kwa ndege ndogo zisizo na rubani, na ramani zilizopatikana zilionyesha paa la kila nyumba na taji la kila mti. Nchi iliyokwisha kufanya hayo haiwezi kudai kwamba haina wataalamu.

Tunachokosa ni ushahidi wa ardhini. Picha haisemi kitu mpaka awepo mtu aliyesimama shambani akasema: hapa pana mpunga, umepandwa wiki fulani, umefika magotini, majani yake yameanza kuwa manjano. Mtu huyo tunaye, tena katika kila shehia. Sheha anaijua kila nyumba na kila konde. Bwana shamba na bibi shamba hupita mabondeni. Mkulima mwenyewe yuko pale tangu alfajiri. Hakuna nchi kubwa yenye utaratibu wa utawala ulioshuka hadi karibu na mlango wa mwananchi kama ulivyo wetu, na hatuoni sababu ya utaratibu huo kutumika kwa barua za utambulisho na mashauri ya mipaka ya viwanja, ukaachwa nje ya suala la chakula.

Chukua mfano wa kipima mvua. Ni chombo kisicho na kiburi: mdomo wa mviringo, chupa, na kigezo chenye mistari. Milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba. Husomwa saa 3 asubuhi kila siku, namba ikaandikwa katika daftari. Mwalimu wa skuli anaweza kukisoma, na mwanafunzi wa darasa la sita pia. Katika utabiri wa msimu, Unguja na Pemba huwekwa katika kanda moja na Tanga, Dar es Salaam na mikoa mingine ya pwani ya kaskazini. Hatuwalaumu wataalamu, kwani utabiri wa miezi mitatu mbele hauwezi kuchambua kijiji na kijiji. Lakini kila mtu wa hapa anajua kwamba mvua inaweza kuijaza Bumbwisudi na Paje pakabaki pakavu, na kwamba ardhi ya maweni ya upande wa mashariki hukauka kwa siku chache, wakati udongo mzito wa magharibi bado umeshika unyevu. Tofauti hiyo haiwezi kujulikana kwa kanda. Itajulikana kwa vipima mvua vya shehia.

Na faida yake si ya vitabuni. Msiba mkubwa wa mkulima wa mpunga wa kutegemea mvua ni mvua ya udanganyifu. Hunyesha siku mbili tatu mwanzoni mwa Machi, ardhi ikalainika, watu wakaburuga na kutia mbegu. Kisha jua likawaka nusu mwezi na mbegu ikaungua. Anayo mbegu nyingine? Aghalabu hana, akaenda kukopa. Wataalamu wa tahadhari ya njaa wana kanuni nyepesi inayotumika sana katika nchi za Afrika: msimu huhesabiwa umeanza pale mwongo mmoja unapopata walau milimita 25, na miongo miwili inayofuata ikapata kwa pamoja walau milimita 20. Kanuni hiyo haimzuii mtu kupanda mapema kwa kubahatisha, kwani mkulima ana haki ya kucheza na bahati yake. Lakini kama namba za shehia yake zimeandikwa kwenye ubao, na utabiri wa siku kumi zijazo umeandikwa chini yake, atajua anabahatisha kiasi gani, na pengine atapanda nusu ya mbegu na kuiweka nusu.

Wapo watakaosema kwamba mchele tunaokula sehemu kubwa hutoka nje, hivyo mvua ya Kibokwa au Chaani haibadilishi kitu. Hoja hii tumeisikia hata kwa watu wenye elimu, na inatushangaza. Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kusafirisha nje mchele mweupe usio wa basmati, ikihofia bei za ndani baada ya mvua zake kwenda mrama. Mwezi uliofuata bei ya mchele duniani ilipanda hadi kiwango ambacho hakikuonekana kwa miaka 15. Marufuku hiyo haikuondolewa mpaka Septemba 2024. Katika muda huo wote mvua ya Bara Hindi ilikuwa inapanga bei katika soko la Darajani. Mwenye kununua chakula nje ana haja ya kuangalia mawingu mawili: lake mwenyewe na la anayemuuzia. Meli ya mchele haiitwi leo ikafika kesho. Watendaji wakijua mwezi wa Mei kwamba mavuno yetu yatakuwa haba, na wakajua hapo hapo kwamba mashamba ya Mbeya au ya Asia yanakwendaje, wana nafasi ya kuagiza mapema na kwa bei ya kuzungumzika. Wakijua Agosti, wameshachelewa, na anayelipa gharama ya kuchelewa kwao ni mama anayenunua kilo moja moja dukani.

Hatusemi haya kwa kukata tamaa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika. Tangu hapo Pemba ndiyo ikawa mama wa karafuu. Siku hiyo watu hawakuwa na ishara ila rangi ya mbingu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifuatwa kwa setilaiti tangu kilipozaliwa baharini. Tahadhari zilitolewa siku kadhaa kabla hakijafika Mafia tarehe 4 ya mwezi huo, na safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zikasitishwa. Habari ilitoka angani, ikapita ofisini, ikafika kwa nahodha, na nahodha akafunga kamba. Kama habari ya upepo inaweza kufika gatini kwa siku moja, hatuoni kwa nini habari ya ukame ishindwe kufika bondeni kwa siku kumi. Tunadhani sababu ni kwamba kimbunga kina kelele, na ukame hauna.

Lipo pia suala la kujitegemea, ambalo Chama chetu kimelihubiri tangu enzi za waasisi. Mwishoni mwa Januari 2025, Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, mtandao wa FEWS NET ulifungwa kwa ghafla. Ramani na ripoti ambazo nchi nyingi za Afrika zilizizoea kama zinavyozoea maji ya mfereji zikatoweka mitandaoni. Miezi kadhaa baadaye kazi ilirejea, lakini somo lilikwisha kutolewa. Dirisha ni la mwenye nyumba. Akitaka kulifunga hakuulizi wewe uliyekuwa ukichungulia. Hatusemi tukatae msaada wa wageni, wala hatusemi turushe setilaiti yetu wenyewe. Picha za Ulaya na za Marekani tuzitumie maadamu zipo wazi, na kituo cha hali ya hewa cha nchi za IGAD kilichoko Nairobi, ambacho utabiri wake unaenea hadi kwetu, tushirikiane nacho. Lakini daftari la mvua ya Micheweni liwe letu, liandikwe na sisi, na kumbukumbu zake ziwekwe hapa. Huyo mgeni mwenye setilaiti naye analihitaji, kwani makadirio yake hayawezi kusahihishwa bila ya hilo.

Tuliosoma chuoni tunakikumbuka kisa cha Nabii Yusufu, amani iwe juu yake, na Mfalme wa Misri. Wengi tukikisimulia husifu ile tafsiri ya ndoto: miaka saba ya neema na saba ya shida. Mara chache tunasifu kilichofuata. Mfalme aliipokea habari mbaya bila ya kumkasirikia aliyeileta, akampa madaraka ya hazina, na nafaka ikawekwa akiba kungali na shibe. Tafsiri peke yake isingemshibisha mtu yeyote.

Hapa ndipo pagumu, na watendaji wetu watuwie radhi. Kuna tabia ya kudhani kuwa ripoti nzuri ni ile inayosema mambo ni mazuri. Ofisa wa wilaya anaona bonde limekauka, naye anaandika kuwa mazao yanaendelea vizuri kwa ujumla, kwa kuogopa kuulizwa alifanya nini. Mkubwa wake anaipokea kauli hiyo kwa shukrani na kuipeleka juu. Picha ya setilaiti haiogopi mkubwa, na ndiyo maana wengine hawaipendi. Visiwa hivi vina Sheria ya Usalama wa Chakula na Lishe tangu mwaka 2011, na sheria hiyo haitekelezeki kwa tarakimu za kubembeleza. Anayetoa habari ya upungufu mapema apewe sifa. Aliyeificha ndiye aulizwe.

Tunapendekeza basi kwamba kila shehia yenye bonde la mpunga au mashamba ya chakula ipewe kipima mvua kimoja na daftari moja, na pawepo mtu mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye msomaji. Namba zipelekwe kwa simu ya mkononi kila mwisho wa mwongo, zikutanishwe Kizimbani na picha za rada na za ukijani, na jibu lirudi kwa Kiswahili cha kueleweka, si kwa ramani za rangi zenye maneno ya kigeni. Lisomwe redioni kabla ya taarifa ya habari ya jioni, libandikwe kwenye ubao wa sheha, na maimamu wasione taabu kulitaja baada ya sala ya Ijumaa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha moja ya siku tatu hotelini, na warsha za namna hiyo tumeziona nyingi.

Mpunga wa masika hutiwa Machi. Vipima mvua viwe vimesimama kabla ya kaskazi kumalizika, na ubao wa sheha uwe na namba yake ya kwanza kabla mkulima hajalifungua gunia lake la mbegu.